Metroid imekwama: ni mashine, au ni gemu yenyewe?

Mara kwa mara hapa kibandani kwangu, mkabala na soko la Kibuye mjini Kisumu, hufika mtu amekumbatia boksi la viatu. Ndani mna mashine ya gemu ya miaka ile, waya zimesokotana kama utumbo wa mbuzi, na kaseti ya Metroid iliyobanduka karatasi. "Fundi, hii kitu imeharibika." Nikimuuliza imeharibika vipi, aghalabu ananieleza jambo ambalo gemu iliundwa ilifanye hivyo hivyo. Yupo pia wa upande wa pili, anayejilaumu kwamba hana mkono wa gemu, kumbe kitufe cha padi yake kilikufa zamani.

Kwa hiyo kabla sijashika bisibisi huwa natenga mambo mawili: ugonjwa wa mashine, na roho mbaya ya gemu. Na Metroid inayo hiyo roho. Ilitoka Japani tarehe 6 Agosti 1986 kwa mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo, ikafika Marekani 1987 na Ulaya 1988 kwa NES, yaani Famicom ya huko ng'ambo. Unapewa mwindaji mmoja, Samus Aran, unatupwa chini ya ardhi ya sayari Zebes, na maelezo yanaishia hapo. Ramani hupewi, na wa kukuelekeza hayupo. Aliyezoea gemu za simu, zinazokushika mkono kama mtoto anayevushwa barabara ya Kondele, ataapa kaseti ni mbovu.

Jua kwanza una mashine gani. NES ni ile ya kijivu ambayo mara nyingi imeletwa na ndugu wa ng'ambo. Kaseti zake ni ndefu na zina pini 72. Zile tulizokua nazo miaka ya tisini ni za kuiga Famicom, kaseti fupi, pini 60. Metroid haikuwahi kutolewa rasmi kwa kaseti ya pini 60, kwa sababu Wajapani waliipata kwa diski. Ukiwa nayo ya pini 60, basi ni nakala, na nakala zina tabia zake. Usiitafute pia ndani ya zile kaseti zinazojisifu kuwa na mamilioni ya gemu. Mara nyingi humo mna gemu chache ndogondogo zilizobadilishwa majina.

"Taa inapepesa, picha inakuja na kwenda"

Huyu ni mgonjwa wa NES tu. Ndani ya mashine kuna chipu ndogo inayozungumza na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Wasiposikizana, mashine inajizima na kujiwasha tena, karibu kila sekunde moja, bila kuchoka. Watu husema ni stima. Si stima. Ni mojawapo ya mambo matatu: pini za kaseti ni chafu, soketi ya ndani imelegea, au kaseti ni ya Ulaya na mashine ni ya Marekani. Hilo la tatu halina dawa ya kusafisha, kwa maana chipu za pande hizo mbili ziliundwa zisipatane.

Kwa uchafu, nunua spiriti kwa kemisti, lakini soma chupa: ile iliyotiwa mafuta inaacha utando juu ya pini na utarudi palepale. Lowesha kijiti cha pamba, sugua pini upande huu na upande ule, tupa, chukua kingine. Cha kwanza kitatoka cheusi kama kilichofuta sufuria. Endelea mpaka kitoke cheupe. Acha pini zikauke dakika chache ndipo uichomeke kaseti.

Na tafadhali, usipulize. Najua sote tulipuliza, na najua ilifanya kazi. Iliyofanya kazi ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Pumzi ilileta unyevu tu, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuhitaji kuongeza unyevu. Nimewahi kufungua NES iliyokuwa ikikaa dirishani kule Dunga, nikakuta wadudu wa ziwani wametanda juu ya bodi kama majani ya chai yaliyomwagika.

Soketi ikiwa ndiyo imelegea, itoe, uichemshe ndani ya maji safi dakika chache, uikung'ute, uianike siku nzima. Mke wangu hakuipenda siku niliyotumia sufuria yake ya ugali. Lakini soketi ile inabana hadi leo.

"Ilitoa harufu, ikanyamaza"

Adapta ya NES ya Marekani imeundwa kwa umeme wa volti 120. Soketi ya nyumbani kwako inatoa 240. Ukiichomeka moja kwa moja, tranfoma ya adapta inaungua, na hiyo ndiyo harufu. Habari njema ni kwamba mara nyingi mashine yenyewe hupona. Tafuta adapta ya volti 9 inayotoa angalau ampea 1. NES haichagui: ina daraja lake la kugeuza umeme ndani, kwa hiyo inakubali AC au DC, na chanya iwe ndani au nje.

Mashine za kuiga Famicom hazina uvumilivu huo. Zinataka DC, na zinataka chanya na hasi viwe mahali pake. Tazama mchoro mdogo wa duara uliochorwa karibu na tundu la umeme. Adapta halisi ya NES inatoa AC, na ukiipachika kwenye mojawapo ya mashine hizi utakuja kwangu, na sitakuwa na la kukuambia ila pole.

"Picha haina rangi"

Mashine ya Marekani inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC, na TV nyingi za zamani za hapa zinajua PAL pekee. Zinaonyesha picha, zinashindwa na rangi. Mashine haina kosa. Jaribu TV bapa, kwa waya wa manjano. Nyingi zinasoma mifumo yote miwili. Ukiwa na mashine ya Ulaya, rangi zitakuja lakini itakwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60.

"Samus anachelewa kuruka"

Hapa ndipo wengi hujilaumu bure. Fanya jaribio hili: simama mahali tambarare, bonyeza A, utazame kidole na skrini pamoja. Akiruka kila mara lakini kwa kuchelewa kidogo, kosa ni la TV bapa, ambayo inapokea picha, inaikuza na kuipiga pasi kabla ya kuionyesha. Ingia kwenye mipangilio, washa hali ya gemu. Isipokuwapo, tafuta TV ya mgongo. Wauzaji wa mitumba ya elektroniki bado wanazo, na wanazitoa kwa bei ya kuzihamisha tu.

Asiporuka kabisa mara moja kati ya tano, ni padi. Ifungue. Chini ya vitufe kuna utando wa mpira wenye vidoto vyeusi. Vikiwa vimeparara au vina ute wa soda, safisha kwa spiriti, taratibu, maana weusi wenyewe hutoka. Na akirukaruka mfululizo ukiwa umeshika kitufe kimoja tu, umeshika Turbo. Padi nyingi za kuiga zina vitufe vinne, na vile viwili vya juu hujibonyeza vyenyewe haraka haraka. Hii imewahi kunilia nusu saa ya kazi, nikitafuta ugonjwa ambao haupo.

"Vitu vinapepesa, halafu gemu inakuwa nzito"

Acha hivyo hivyo. Mashine hii haiwezi kuchora zaidi ya vipande 8 vya vitu vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini, kwa hiyo vikijaa inavionyesha kwa zamu. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2. Ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye picha ungeifurika.

"Betri ya kaseti imeisha, haihifadhi"

Rafiki yangu alitozwa shilingi 800 na fundi mmoja wa mjini, simtaji, abadilishiwe betri ya Metroid. Kaseti ya Metroid ya NES haina betri. Haikuwahi kuwa nayo. Toleo la diski la Japani lilijihifadhi lenyewe. Walipolihamishia kwenye kaseti, kuhifadhi kukaachwa nyuma na badala yake ukawekwa mtindo wa paswadi ya herufi 24. Ukimwona fundi ameshika chuma cha solda na Metroid kwa wakati mmoja, muulize anaenda kuchomelea nini.

"Paswadi imekataliwa"

Kati ya yote, hili ndilo linaloleta watu wengi, na karibu kila mara kosa ni la kalamu.

Alama zinazoweza kuingia ni 64: tarakimu, herufi kubwa, herufi ndogo, alama ya kuuliza na kistari. Ndani ya zile 24 gemu imeficha vitu ulivyokusanya, milango uliyofungua, makombora uliyonayo, hata muda uliocheza. Mwishoni imeweka jumla ya kukagulia hesabu. Ukikosea alama moja, jumla haijibu, nayo inakukatalia bila kukwambia ni wapi. Tena herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti. Sifuri na O vinafanana, na 1, I na l ni kama pacha watatu.

Alikuja mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka upande wa Ahero, na mjukuu wake wa darasa la sita, na daftari la miraba lililojaa paswadi. Mwalimu alikuwa na hakika kaseti imekufa.

Nilianza kwa kuipima kaseti. Kuna paswadi moja inayojulikana duniani kote: JUSTIN BAILEY kwenye mafungu mawili ya kwanza, halafu vistari 12 kujaza yaliyobaki. Ikikubali, Samus anatokea Norfair, mojawapo ya maeneo ya Zebes, bila vazi lake la chuma, na hapo unajua kaseti na padi ni nzima. Ilikubali.

"Sasa, mwalimu, hii hapa ni sifuri au ni O?"

"Hiyo ni O, fundi. Si unaona ilivyo nene?"

"Kwaro," mjukuu akasema polepole, "hiyo niliandika kwa haraka. Mama alikuwa ananiita."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tukapata alama mbili za kutiliwa shaka. Moja ingeweza kuwa sifuri au O, nyingine 1, I au l. "Mbili mara tatu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu. "Ni sita tu." Ya nne ikafunguka. Tangu siku hiyo wanapiga picha skrini kwa simu, mara mbili, kwa sababu kwenye TV ya mgongo picha moja huweza kutoka na mstari mweusi uliofunika herufi.

Jambo jingine ambalo mwalimu hakulijua: huhitaji kufa ili upewe paswadi. Simamisha gemu kwa Start, kisha kwenye padi ya pili shika A na Juu kwa pamoja. Inakuletea paswadi papo hapo. Ndiyo maana kila anayenunua mashine namwambia asikubali yenye padi moja. Hapa kwetu, mawingu yakianza kujijenga upande wa Nandi saa tisa alasiri, stima iko karibu kupotea, na mimi hunyoosha mkono kuelekea padi ya pili kabla hata ya kwenda kuanua nguo.

"Nikiendelea na paswadi, nguvu inaanzia 30"

Hiyo ni roho mbaya, si ugonjwa. Hata uwe na matangi 6 ya nguvu, utayakuta matupu na utaanza na 30. Tafuta bomba linalotoa wadudu bila kikomo, simama kando yake, waue wanapochomoza na uokote wanachoangusha. Inachosha. Weka redio. Njia nyepesi zaidi ni kubakiza tangi moja la nguvu ambalo hujaliokota, maana ukiligusa linakujaza papo hapo. Yapo 8 kwenye gemu na unabeba 6, kwa hiyo mawili ni akiba uliyopewa bila kuambiwa.

"Nimekwama mwanzo kabisa"

Umekwenda kulia, sivyo? Kila gemu ya siku zile ilitufundisha kwenda kulia. Hapa kuna njia ya chini upande wa kulia ambayo Samus hawezi kuipita akiwa amesimama, na hajui kuchuchumaa. Rudi kushoto ya pale ulipoanzia. Kuna kitu kinaitwa Maru Mari, kinachomgeuza mpira. Waundaji walikiweka pale makusudi, wakufunze mapema kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya safari.

Mlango mwekundu ukikataa, unataka makombora 5. Wa rangi ya chungwa unataka 10. Ukiona Samus amebadilika rangi ghafla na hujaokota kitu, umegusa Select na sasa unatumia makombora. Gusa tena.

"Kila mahali panafanana"

Panafanana kweli. Kaseti nzima ni kilobaiti 128, kwa hiyo vyumba vilevile vimetumiwa tena na tena, na kuna mashimo marefu mawili ambayo huwezi kuyatofautisha hata kwa rangi. Dawa ni daftari la miraba la hisabati, shilingi chache dukani. Dunia yote ni skrini 32 kwa 32. Kila skrini mpe mraba mmoja. Mlango mchoree alama pembeni, na pale penye ukuta unaoshuku piga nukta, urudi baadaye na mabomu. Usichore baadaye kwa kukumbuka, ukiwa umelala. Chora ukiwa umesimamisha gemu, chumba kwa chumba. Niliyechora yangu nikiwa kidato cha pili nilikosea safu moja pale Brinstar, eneo la kwanza la gemu, na mwezi mzima nilikuwa nikitafuta lifti kwenye ukuta mtupu.

"Nimemuua Kraid lakini sanamu haijapanda"

Ili uingie Tourian, eneo la mwisho, maadui wawili wakubwa, Kraid na Ridley, lazima wafe, kisha urudi kwenye chumba cha sanamu zao mbili, uzipige risasi, zipande, na daraja litokee. Wengine hawajui kwamba lazima uzipige, wanasimama tu mbele yake kama wanaosubiri matatu.

Lakini kuna ujanja mbaya zaidi. Ndani ya makao ya Kraid yupo Kraid wa bandia. Ukimuua huyo hufungui chochote. Kipimo ni rahisi: akifa wa kweli, uwezo wako wa kubeba makombora unapanda kwa 75 mara moja. Kama hesabu haikuruka, ulipigana na kivuli. Shuka zaidi.

"Metroid hazifi"

Hawa ndio wadudu wa mwisho, wanaokung'ang'ania kichwani na kukunyonya. Mmoja akikushika, jigeuze mpira na utege bomu, litamwondoa. Kumuua unahitaji kumgandisha kwa mwale wa barafu na kumpiga makombora 5 akiwa bado ameganda.

Mteja mmoja alikuwa na mwale wa barafu, aliapa, na alisema kweli: aliuokota Brinstar. Kisha akapita Norfair akaokota mwale wa mawimbi. Gemu hii haikubali vyote viwili. Cha pili kinafuta cha kwanza, kimyakimya. Upo mwale wa barafu Brinstar na mwingine Norfair. Rudi uuchukue mojawapo kabla hujashuka Tourian, na usiguse kingine njiani hata kikimeta vipi.

"Nimemuua Mother Brain, nikabonyeza padi ya pili, hakuna kilichotokea"

Mother Brain ndiye adui mkuu wa gemu. Akishakufa na saa ya kutoroka kuanza kuhesabu kutoka 999, njia ya A na Juu inafungwa. Si padi iliyokufa. Mbele yako kuna shimo refu la kupanda, vijukwaa vyembamba, na ukianguka unarudia. Kwa hiyo chukua paswadi kabla hujamkabili Mother Brain, ya pale Tourian, inayokurudisha kwenye lifti ya Tourian na si mwanzo wa dunia. Kisha tazama nje. Ikiwa upande wa Nandi umeshakuwa mweusi, zima mashine, chomoa adapta ukutani, ukamalizie kesho asubuhi.